Gunia Lile Lile, Sukari Nyingine

Kwenye kibanda cha gemu, kitu cha kwanza kuzimwa ni sauti ya gemu yenyewe. Yeyote aliyewahi kulipa pesa kucheza PlayStation pale Busia, upande wowote wa mpaka, analijua hili. Mwenye kibanda anazima sauti ya televisheni, anachomeka flashi yake kwa redio, na nyinyi mnacheza Arsenal na Barcelona huku Lingala inalia, ama ragga, ama injili kama ni Jumapili na mwenye kibanda ni mama. Ana sababu zake. Yeye anakaa humo tangu asubuhi mpaka usiku, na gemu ina nyimbo zile zile zinazunguka kama nzi. Lakini ilikuwa hasara. Ndani ya zile diski za bandia za PS2 kulikuwa na muziki unaotuhusu sisi watu wa kuvuka, na tulikuwa tunaulipia bila kuusikia.

Mimi niliusikia kwa bahati. Nilivuka Januari 2008 nikiwa na miaka kumi na mbili, baada ya ule uchaguzi wa Kenya. Wengi hapa Kiryandongo mnaijua njia hiyo: Malaba ama Busia, halafu kambi ya muda ya Mulanda kule wilaya ya Tororo, halafu malori ya kuja huku. Mimi sikupanda malori ya kwanza. Shangazi yangu alikuwa anauza mitumba Busia, mtaa wa Sofia, upande wa Uganda, nikabaki kwake miaka kadhaa nikimsaidia kufungua mabelo. Karibu na meza yake kulikuwa na kibanda cha gemu, na mwaka mmoja redio ya kibanda hicho iliungua. Mpaka apate pesa ya kuitengeneza, mwenye kibanda hakuwa na lingine ila kuiacha televisheni iongee. Kumbe gemu huimba!

Ilikuwa FIFA 06. Wakati huo ilikuwa tayari ya zamani, lakini diski hufika Busia kama nguo za shangazi, zikiwa zimeshavaliwa na wengine. Ukiwa kwenye menyu unachagua timu, nyimbo zinapita. Mara magitaa ya Wazungu, mara Jamiroquai, mara Damian Marley, ambaye huyo kila mtu alimtambua. Halafu siku moja ikaja sauti ya mtu anaimba Kisomali.

Pale ndani kulikuwa na tanboi mmoja Msomali. Lori lao lilikuwa limekwama kwa foleni ya forodha siku ya tatu, hana la kufanya, anacheza. Aliweka pedi chini. "Huyu ni wetu," akasema. Akatuambia wimbo unaitwa "Soobax", maana yake tokeni nje, na wanaoambiwa watoke ni wale wenye bunduki walioifanya nchi yao jalala. Akatukataza kubonyeza chochote mpaka wimbo uishe. Tulikaa pale watu sita tunaangalia menyu, mechi haijaanza na pesa imeshalipwa, na hakuna aliyelalamika.

Mwimbaji ni K'naan. Jina lake kamili ni Keinan Abdi Warsame, alizaliwa Mogadishu 1978, na shangazi yake ni Magool, mmoja wa waimbaji wakubwa waliowahi kutoka Somalia. Mwaka 1991, vita ikiingia mjini, mama yake alimtoa yeye na ndugu zake wakaenda New York, baadaye Toronto. "Soobax" imo kwenye albamu yake ya 2005, The Dusty Foot Philosopher. Kampuni ya EA iliuchukua wimbo huo ikauweka kwenye gemu jinsi ulivyo, Kisomali chake ndani, bila kuutafsiri, bila kuulainisha, katikati ya bendi za Uingereza na Marekani. Mtoto wa Ujerumani anayechagua Bayern alisikia watu wa bunduki wakiambiwa kwa Kisomali watoke nje. Hajui maana, sawa. Lakini wimbo ulimfikia mzima.

Miaka michache baadaye nikasikia kitu kingine kutoka kwa mtu huyo huyo, na hicho ndicho kilichonifanya niandike makala hii.

"Wavin' Flag" mnaijua wote. Mnayoijua, lakini, si ile ya kwanza. Ya kwanza iko kwenye albamu yake ya Troubadour ya 2009. Hiyo ina mwendo wa pole, kama mtu anayetembea amechoka, na beti zake zimejaa uzito. Anaeleza mahali alipotoka, mahali pa maskini na pa fujo. Anasema juu ya vita zisizoisha, juu ya wakubwa wanaokuja na ahadi na kuondoka wametuacha masikini, wanaohubiri upendo halafu wanatutuma tuwapiganie vita vyao. Katikati ya hayo ndipo linakuja lile kiitikio la mtoto anayesema atakapokuwa mkubwa atakuwa na nguvu.

Halafu Coca-Cola wakauchagua wimbo kwa Kombe la Dunia la 2010 Afrika Kusini, na ukatengenezwa upya. Toleo hilo linaitwa Celebration Mix. Ndilo lililokuwa kwenye matangazo ya soda, na ndilo lililoingia kwenye gemu rasmi ya mashindano hayo, ambayo EA waliitoa Aprili 2010. Gemu hiyo haikutoka kwa PS2, kwa hiyo Busia sisi tuliupata wimbo redioni, na kwa PSP ya mtoto wa tajiri mmoja aliyekuwa akikodisha kwa dakika. Vita zimetoka. Njaa imetoka. Wenye ahadi wametoka. Mahali pake kumewekwa uwanja, barabara zilizojaa watu, ushindi, vichwa juu. Kiitikio kimebaki neno kwa neno.

Nimezisikiliza hizo mbili moja baada ya nyingine labda mara mia, kwa spika na kwa masikio ya simu. Kama muziki wa kuchezwa, rimiksi inashinda, na mtu akibisha hilo anajifanya. Ngoma imeongezwa tumbo, kuna makofi, kuna ile sauti ya umati inayoinuka, hata mzee atatingisha bega. Ile ya kwanza inachelewa kuwaka. Lakini sikiliza kiitikio kinafanya nini katika kila moja. Kwenye ya kwanza, mtoto anayesema "nikiwa mkubwa" anasema jambo ambalo halina uhakika, maana beti zimeshakuonyesha mahali ambapo watoto wengi hawafiki ukubwa. Ni nadhiri. Kwenye rimiksi, mtoto huyo huyo, kwa maneno yale yale, ni mchezaji wa timu ya vijana anayengoja jezi. Hakuna kinachomzuia kukua. Atakua tu, kama Messi.

Watu wa Busia wana biashara moja inayojulikana, ingawa haisemwi kwa sauti. Sukari inavuka kutoka upande mmoja, inamwagwa kwenye magunia ya upande wa pili yenye chapa ya kampuni nyingine, inashonwa, inauzwa. Sukari ile ile, gunia jingine. Kwa "Wavin' Flag" ilifanyika kinyume. Gunia lilibaki, chapa ilibaki, hata uzi wa kushonea ulibaki. Kilichobadilishwa ni sukari.

Najua nitaambiwa kwamba K'naan mwenyewe alikubali, hakuna aliyemwibia. Ni kweli. Na toleo la kwanza liko kwenye albamu, anayelitaka atalipata. Lakini Desemba 2012 aliandika makala katika New York Times kuhusu albamu yake iliyofuata. Alieleza jinsi watu wa kampuni ya muziki walivyomshauri kwa upole kwamba wasikilizaji wa Marekani hawataki mambo mazito ya Somalia, na jinsi alivyojikuta anayatoa mwenyewe kabla hajaambiwa. Alitumia hadithi ya mbweha aliyekuwa na mwendo mzuri kuliko wanyama wote. Mbweha akamwona nabii akitembea, akataka kumwiga, akashindwa, na alipotaka kurudia mwendo wake wa zamani akakuta ameshausahau. Mtu anayeandika hivyo amehesabu gharama yake kuliko mimi ninavyoweza kumhesabia.

Na tusiseme kiitikio kile kikishatolewa beti zake kimekufa. Januari 2010 Haiti ilitetemeka, na wasanii wa Kanada walikusanyika wakaurekodi tena kwa jina la Young Artists for Haiti, wakaandika beti mpya juu ya msiba ule, na pesa zikaenda kwa waathirika. Hiyo nayo ni rimiksi. Hiyo nayo ilitoa maneno ya Somalia. Lakini pale palipotolewa mzigo, uliwekwa mzigo. Mtoto wa kiitikio akawa tena mtoto ambaye kukua kwake si jambo la hakika. Kwa hiyo ninachouliza kwa kila rimiksi si kama imebadilisha, maana hiyo ndiyo kazi yake. Nauliza imeweka nini pale ilipotoa.

Sasa nyinyi ndugu zetu wa mashirika, hapa naongea na nyinyi kidogo. Kila tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi, spika zinapofungwa uwanjani, lazima "Wavin' Flag" ilie, na kila mara ni Celebration Mix. Nadhani ni kwa sababu ndiyo iliyo kwenye simu ya kila mtu. Lakini fikirieni: wimbo wa mkimbizi, siku ya wakimbizi, mbele ya wakimbizi, na toleo linalochezwa ni lile ambalo ukimbizi umeondolewa ili soda iuzike. Huyu K'naan, kabla hajajulikana, alialikwa Geneva kwenye maadhimisho ya miaka 50 ya UNHCR, akasimama akasema shairi la kuilaumu Umoja wa Mataifa kwa yaliyotokea Somalia. Mbele yao wenyewe! Youssou N'Dour alikuwa hapo, akampenda, akamwita studio. Kwa hiyo hata wakubwa wenu walishakaa kwenye viti wakasikia beti zisizokatwa, na sherehe haikuharibika.

Nasema hivi kwa sababu kukatwa huku sikujui kwa Coca-Cola tu. Miaka fulani nyuma kulikuwa na warsha ya vijana, shirika sitalitaja, ya kutengeneza gemu ndogo za simu kuhusu safari zetu. Mimi nilipewa sauti. Nilifurahi mno, nilifanya kazi usiku kucha kwa laptopu ya kukopa. Nilichukua mlio wa injini ya lori, nikaupunguza mwendo mpaka ukawa besi. Juu yake niliweka sauti ya mama. Nilikuwa nimemwomba ahesabu tena jinsi alivyotuhesabu usiku ule tulipofika upande wa pili: majina, moja moja, kwa sauti ya chini. Akayataja manne. Pale pa tano alinyamaza, na mimi nikauacha ukimya huo ulivyo, sekunde nne, besi ikiendelea chini yake. Gemu ilipoonyeshwa kwa wageni, ukimya ulikuwa umekatwa. Majina manne, halafu vigelegele vilivyotolewa sijui wapi. Msimamizi alinieleza, kwa wema kabisa, kwamba alidhani sauti ilikatika. Nilipomwambia haikukatika, akasema basi ni afadhali hivi, inaleta matumaini.

Haya. Mtu asitoke hapo akadhani nachukia rimiksi. Mimi ni mtu wa gemu, na muziki wa gemu ni rimiksi tangu mwanzo.

Chukua Tetris, ile ya matofali yanayoanguka. Aliitengeneza Alexey Pajitnov huko Moscow 1984. Lakini ule muziki ambao dunia nzima inaujua ulikuja na Game Boy ya Nintendo mwaka 1989, na aliyeupanga ni Mjapani, Hirokazu Tanaka. Hakuutunga. Ni wimbo wa watu wa Urusi unaoitwa "Korobeiniki", na maneno yake yanatoka kwa shairi la Nekrasov la 1861. Korobeiniki ni wachuuzi. Ni wale waliotembea kijiji kwa kijiji na sanduku begani limejaa vitambaa na vikorokoro, na wimbo wenyewe ni mchuuzi na msichana wanapatana bei. Nilipojua hili nilicheka peke yangu. Gemu niliyoicheza kwa miaka, nikiwa nimekaa juu ya belo la mitumba, muziki wake ulikuwa ni wa watu kama shangazi! Wangemweka mama yeyote wa Busia anayepita njia za panya na vitenge kiunoni, angeelewa wimbo huo kabla ya profesa.

Tanaka alikuwa na njia nne tu za sauti ndani ya kile kifaa. Nne. Hakuweza kuweka kwaya wala kodiani. Kwa hiyo alibakiza mwendo: ule wa kutembea na mzigo, wa haraka lakini wenye huzuni kidogo pembeni. Mchuuzi bado yumo. Mwaka 1992 Waingereza waliufanya tena uwe wa disko, kwa jina la Doctor Spin, na mmoja wa waliohusika ni Andrew Lloyd Webber, yule wa tamthilia za muziki. Uliingia kumi bora kwao. Huo sikuupenda hata kidogo. Ni kelele, na mchuuzi ameangusha sanduku.

Rimiksi ya Tetris ninayoipenda kuliko zote haiko kwenye diski yoyote. Tororo mjini, karibu na stendi, kulikuwa na kijana Mteso aliyekuwa akicheza akogo, na tulimzoesha toni ile kwa kumwimbia. Akogo ya kwake haikuwa na noti zote. Alipofika kwa noti asiyokuwa nayo aliiruka, akajaza nafasi kwa kupiga ubao kwa kidole. Ule wimbo ukawa na kilema kizuri, unachechemea, na kwa sababu hiyo ukawa wa Kiteso. Watu waliopita walidhani ni wa kwao tangu zamani, mzee mmoja akatuambia ati aliusikia ujanani kwa harusi.

Kuna watu duniani wanaoishi kwa kazi hii. Tangu 1999 kuna jumuiya iitwayo OverClocked ReMix, iliyoanzishwa na Mmarekani David Lloyd. Wanachukua nyimbo za gemu za zamani, wanazipanga upya, jazi, roki, piano tupu, na wanazitoa bure. Nilikuwa nazipakua usiku, wakati bando ni ya bei nafuu. Nyingine ni za kawaida sana, magitaa yanayojionyesha. Lakini ukipata nzuri, unasikia mtu aliyekaa na gemu miaka ishirini, ambaye hawezi kukata noti bila kujua ilikuwa imebeba nini.

Na kwetu tuna VJ. Aliyekaa kwenye kibanda cha video Tororo anajua VJ ni nani: filamu ya Kichina ama ya Hollywood inapita, na mtu anaongea juu yake kwa Kiganda, anatafsiri, anatania, anamwonya stering kwamba adui yuko nyuma ya mlango. Ile filamu ya Wakaliwood ya 2010, Who Killed Captain Alex, ilienda mpaka Ulaya na Marekani ikiwa na VJ Emmie juu yake, na watazamaji wa huko walimpenda VJ kuliko risasi. VJ hakati kitu. Anapanda juu. Ukitaka kusikia ya chini, bado iko chini.

Nimefika kwa wimbo ambao najua mnaungoja, maana wengi mnaimba kwaya.

Mara ya kwanza kusikia "Baba Yetu" nilidhani mwenye duka la intaneti amefungulia redio ya kanisa. Ilikuwa Tororo, kwenye kompyuta ya mtumba, na nilikuwa nimefungua gemu iitwayo Civilization IV. Dunia inazunguka polepole kwenye skrini, giza kote, na watu wanaimba sala ya Bwana kwa Kiswahili. Nilitazama nyuma yangu.

Gemu hiyo ilitoka 2005. Aliyetunga muziki ni Christopher Tin, Mmarekani, na aliyeongoza utengenezaji wa gemu, Soren Johnson, walijuana chuoni Stanford. Walioimba ni Talisman, kikundi cha wanafunzi wa chuo hicho, na maneno yalipangwa na Mkenya, Chris Kiagiri. Mwaka 2009 Tin aliurekodi tena na Soweto Gospel Choir kwenye albamu yake Calling All Dawns, na Februari 2011 ukashinda Grammy. Ni mara ya kwanza muziki uliotungwa kwa ajili ya gemu kupata tuzo hiyo. Muziki wa gemu wa kwanza duniani kufika hapo, na lugha yake ni hii ninayoandika.

Najivunia, lakini wacha niukosoe kama nilivyowakosoa wengine. Maneno si sala ya kanisani neno kwa neno. Mahali ambapo sala inamwita Baba, wimbo unaingiza jina la Yesu, na bibi yangu, Mkatoliki wa zamani, angeinuka kwenye kiti. Mimi halinisumbui, kwaya zetu hufanya hivyo kila siku. Linalonisumbua ni gemu inayofuata baada ya wimbo. Civilization ni gemu ya kujenga dola. Unachagua taifa, unaanza miaka 4000 kabla ya Kristo, unakua, unawameza majirani. Wamo Mali na Misri, na viongezo vya baadaye vilileta Wazulu na Ethiopia. Waswahili hawamo. Hakuna Kilwa, hakuna Mombasa, hakuna Lamu. Kiswahili kinasimama mlangoni kinakaribisha wageni kwa sala, na ndani hakina kiti. Kwenye Civilization VI ya 2016 Zanzibar ipo, lakini kama mji mdogo wa kando: huwezi kuucheza, unaushawishi tu ukupe karafuu na mdalasini. Hata mlinzi wa usiku ana kiti.

Pamoja na hayo, wimbo wenyewe haukukatwa. Hakuna aliyesema Wamarekani hawataelewa, weka Kiingereza. Watu wanaomba chakula na msamaha kwa lugha ya watu wanaojua kuomba vyote viwili, halafu mchezaji anaenda kujenga jeshi lake, na sala inabaki sikioni inamsuta. Toleo la Soweto ni kubwa zaidi, sauti za shaba, kila kitu kinang'aa. Mimi nabaki na lile la gemu. Waimbaji ni wachache, unasikia wanavuta pumzi.

Na kwaya yetu ya vijana hapa isiniambie ni wimbo wa Wamarekani. Uchukueni. Wekeni ngoma za isukuti, wekeni Kiacholi beti ya pili. Mkitaka kutoa jina la Yesu mlirudishe la Baba, toeni, bibi yangu atawashukuru.

Kuna mmoja tu ninayemjua aliyeshika mkasi akiwa yeye ndiye aliyekimbia: Lual Mayen. Ni wa Sudan Kusini, alikulia kambini hapa hapa Uganda kaskazini. Mama yake aliweka akiba miaka mitatu, dola 300, amnunulie laptopu, na alikuwa anatembea saa tatu kwenda kuichaji. Gemu iliyomwamsha ni Grand Theft Auto: Vice City. Badala ya kutengeneza nyingine ya kuua, alitengeneza Salaam, na ya kwanza aliigawa kwa wenzake kambini kwa simu. Baadaye alihamia Marekani, akaanzisha kampuni aliyoiita Junub Games, na Desemba 2018 akatunukiwa kwenye The Game Awards. Katika Salaam wewe ni mkimbizi, unakimbia, nguvu zinaisha, unahitaji maji, chakula, dawa. Mpango wake ni kwamba ukinunua maji ya gemu kwa pesa halisi, pesa zinamsaidia mkimbizi halisi. Hilo mimi linanikuna vibaya kidogo. Sipendi kuwa kiu ya mtu anayebonyeza kadi akiwa sebuleni. Lakini ukisoma jinsi anavyoieleza gemu yake unaona kitu kimoja: mkimbizi hatolewi ndani ya mbio ili mbio ziwe tamu. Nguvu zikiisha, umekufa. Hakuna vigelegele.

Basi, kwa anayetaka kusikia mwenyewe. Nina "Soobax", nina "Wavin' Flag" zote tatu, nina "Baba Yetu" ya gemu na ya albamu, nina Tetris ya Game Boy na hata ile ya Doctor Spin kwa wasioniamini. Nakaa pale pa kuchajia simu sokoni, mchana. Leteni memori kadi yenye nafasi. Kwa watakaoshughulikia spika Juni hii, nitawawekea Troubadour kwenye flashi yao bila malipo, na wimbo ni ule wenye beti za vita, msije mkabonyeza mwingine. Simu za zamani zenye Bluetooth pia zinakubali, ila itabidi ukae kidogo.